Kutafuta anwani ya IP ya seva: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila jina unaloandika kwenye kivinjari lina namba nyuma yake, na kuipata namba hiyo ni suala la sekunde moja. Ugumu uko kwenye kulielewa jibu. Maswali mengi yanayotufikia hayahusu amri ya kuandika. Yanatoka kwa mtu aliyepata namba mbili tofauti kwa jina lile lile, na sasa hajui aamini ipi. Mara nyingi zote mbili ni sahihi. Anwani unayoletewa ni jibu la swali, na jibu hilo linategemea umemuuliza nani, ukiwa wapi, na saa ngapi.

Anwani ya IP ni nini, na kwa nini seva iwe nayo wakati ina jina?

Jina ni kwa ajili yetu sisi watu. Mashine zenyewe hupelekeana data kwa namba. Namba za zamani, IPv4, zina biti 32 na huandikwa kwa mafungu manne, kila fungu kati ya 0 na 255, kwa mfano 198.41.0.4. Hesabu hiyo inatoa anwani takribani bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na hifadhi kuu iliisha Februari 2011. Namba mpya, IPv6, zina biti 128 na huandikwa kwa tarakimu pamoja na herufi a hadi f, zikitenganishwa na nukta pacha, kama 2001:503:ba3e::2:30. Hizo mbili nilizotolea mfano ni za jina moja: a.root-servers.net. Jina moja kuwa na anwani za aina zote mbili ni kawaida kabisa.

Barani Afrika namba hugawiwa na AFRINIC, yenye makao Mauritius. Majina yana wenyewe wengine. Yale yanayoishia na .ke, kwa mfano, husimamiwa na KeNIC. Kwa hiyo jina na namba vinatoka ofisi tofauti na havifungwi pamoja na mkataba wowote. Kinachoviunganisha ni rekodi moja fupi ndani ya DNS, mfumo wa dunia nzima wa kutafutia majina namba zake, na mwenye kusimamia jina anaweza kuibadilisha leo jioni bila kumwambia mtu.

Haya, naipataje?

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Start, andika cmd, kisha kwenye dirisha jeusi andika:

nslookup dns.google

Kwenye Mac au Linux fungua Terminal, andika `host dns.google`, au `dig +short dns.google` ukitaka namba tupu bila maelezo.

Kwenye simu si lazima upakue app. Fungua kivinjari, nenda dns.google, utakuta kisanduku. Andika jina unalotafuta na utaletewa jibu. Ila kumbuka kwamba hapo aliyeuliza ni seva ya Google, si simu yako, na huenda simu yako inaletewa kitu kingine. Mwenye Android anayependa kuchokonoa aweke Termux, app inayokupa dirisha la amri kwenye simu, aandike `pkg install dnsutils`, na atakuwa na dig na nslookup mkononi.

Nslookup imeniandikia "UnKnown" na "Non-authoritative answer". Nimeharibu kitu?

Hapana. Tulitazame jibu lenyewe mstari kwa mstari, kwa sababu karibu kila mtu hukwama hapa. Windows italeta kitu kama hiki:

Server: UnKnown
Address: 192.168.1.1

Non-authoritative answer:
Name: dns.google
Addresses: 2001:4860:4860::8888
2001:4860:4860::8844
8.8.8.8
8.8.4.4

Mistari miwili ya kwanza haihusu kabisa kile ulichokitafuta. Inakuonyesha aliyeulizwa. Hiyo 192.168.1.1 ni ruta yako ya nyumbani au ofisini. Kabla ya kuuliza swali lako, nslookup hujaribu kutafuta jina la ruta hiyo ili ikutajie, na kwa kuwa ruta nyingi za nyumbani hazina jina, inaandika "UnKnown". Basi, hakuna zaidi. Tumeshaona watu wakimtumia fundi ile 192.168.1.1 wakidhani ndiyo anwani ya tovuti yao, na fundi akapoteza asubuhi nzima.

Maneno "Non-authoritative answer" yanamaanisha kuwa aliyekujibu si mwenye rekodi. Amekupa jibu alilolipata kwa wengine, pengine alilonalo akibani tangu saa moja iliyopita. Majibu karibu yote unayopata maishani ni ya namna hiyo, na hakuna ubaya.

Anwani unazozitaka ziko chini ya neno Name. Mbili za juu ni IPv6, mbili za chini ni IPv4.

Kwani anayejibu ni nani hasa?

Zamani alikuwa mtu mmoja na faili moja. Enzi za ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti huko Marekani, majina yote na namba zake yaliandikwa kwenye faili lililoitwa HOSTS.TXT, likitunzwa katika taasisi ya SRI, California, na kitengo kilichoongozwa na Elizabeth Feinler. Ukitaka kompyuta yako ijulikane, unawaarifu, wanaiandika, na wengine wote wanapakua faili upya. Mashine zilipozidi kuongezeka utaratibu huo ukashindwa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akachapisha muundo wa DNS, ambao ndio tunaoutumia hadi leo ukiwa na nyongeza nyingi.

Katika muundo huo hakuna anayejua kila kitu. Ni kama mgeni anayemtafuta mtu mjini: ofisi ya kata haimjui huyo mtu, ila inajua mtaa wake na itamwelekeza kwa mwenyekiti, mwenyekiti atamwelekeza kwa mjumbe, mjumbe ndiye atakayenyoosha kidole kuelekea mlango. Seva ya DNS ya kampuni yako ya intaneti ndiyo inayozunguka hivyo kwa niaba yako. Inaanza kwenye seva za mzizi, ambazo zina majina kumi na matatu, kuanzia a.root-servers.net hadi m.root-servers.net. Mzizi unaielekeza kwenye seva za .tz au .com, hizo zinaielekeza kwenye seva za jina lenyewe, na hapo ndipo namba inapopatikana. Majina kumi na matatu hayamaanishi kompyuta kumi na tatu. Kila jina lina nakala nyingi zilizotapakaa duniani, zikiwemo zilizoko Nairobi na Dar es Salaam, kwa hiyo swali lako si lazima livuke bahari.

Ukitaka kuiona safari hiyo kwa macho, andika `dig +trace` ikifuatiwa na jina. Ni amri nzuri kuliko maelezo yangu.

Nimehamishia tovuti kwenye seva mpya. Mimi naiona mpya, mteja anaona ya zamani. Mkweli nani?

Wote wawili. Hili ndilo swali linaloleta ugomvi mwingi kati ya wenye tovuti na mafundi, kwa hiyo tutakaa nalo kidogo.

Kila rekodi ya DNS inakuja na muda wake wa kuishi, TTL, unaohesabiwa kwa sekunde. Tuseme duka lako lina rekodi hii (jina na namba ni za mfano tu):

www.duka.example. 3600 IN A 192.0.2.10

Hiyo 3600 ni saa moja. Seva ya DNS ikishapata jibu hili, inaruhusiwa kulitunza na kuligawa kwa saa nzima bila kuuliza tena. Sasa chukua mlolongo huu. Saa nne kamili asubuhi mteja wako Mwanza anafungua tovuti. Seva ya kampuni yake ya intaneti inauliza, inapata 192.0.2.10, inaiweka akibani. Saa nne na dakika tano wewe unabadilisha rekodi iwe 192.0.2.99. Wewe hukuwa umeifungua tovuti tangu jana, hivyo seva yako haina kitu akibani, inauliza upya na kuleta namba mpya. Unafurahi, unampigia mteja. Yeye bado ana dakika hamsini na tano za kuishi na namba ya zamani, na hakuna kitufe unachoweza kubonyeza ukiwa kwako ili kumharakishia.

Akiandika dig mara kadhaa mfululizo ataona ile 3600 ikipungua: 3241, 3228, 3190. Namba inayopungua ni dalili kwamba jibu linatoka akibani. Ikifika sifuri swali litaulizwa upya.

Mafundi wengi humwambia mteja "subiri saa 24 hadi 48, mabadiliko yanasambaa duniani". Hakuna kinachosambaa. Hakuna anayewatumia watu namba mpya; kuna akiba za zamani zinazoisha moja moja, kila moja kwa saa yake. Hizo saa 48 hata hivyo hazikutoka hewani: rekodi zinazosema seva zipi zinasimamia jina fulani la .com hutolewa zikiwa na TTL ya sekunde 172800, yaani siku mbili. Kwa hiyo ukihama kampuni ya DNS yenyewe, siku mbili ni makadirio ya haki. Ukibadilisha rekodi moja ya A (ile inayotaja anwani ya IPv4 ya jina) yenye TTL ya saa moja, siku mbili ni kisingizio.

Dawa yake iko kabla ya kuhama. Siku moja au mbili kabla, teremsha TTL iwe 300. Subiri ile ya zamani iishe kila mahali, ndipo uhamishe. Dunia nzima itakufuata ndani ya dakika tano hivi, ukiacha seva chache zisizoheshimu TTL. Mambo yakitulia, irudishe juu. Na seva ya zamani iache ikiwaka kwa siku kadhaa; gharama yake ni ndogo kuliko oda zilizopotea.

Nimesajili jina leo, nimelitafuta mara ishirini, naambiwa halipo.

Huenda hizo mara ishirini ndizo tatizo. Jibu la "hakuna jina kama hilo", ambalo kitaalamu huandikwa NXDOMAIN, nalo hutunzwa akibani. Ulipouliza kwa pupa kabla rekodi haijawekwa, seva yako ilijifunza kwamba jina halipo, na itaendelea kusema hivyo mpaka muda wa jibu hilo uishe, dakika kadhaa au hata saa kadhaa, kutegemea alivyopanga msimamizi. Uliza seva nyingine ambayo hujaigusa:

nslookup jina-lako.co.tz 9.9.9.9

Anwani ya mwisho kwenye amri hiyo ndiyo unayemuuliza. Ikileta namba, rekodi iko sawa na wewe ngoja tu.

Kuna majina ambayo hayatarudi hata ungoje vipi. Kongo ilipokuwa Zaire ilikuwa na .zr, ilipobadili jina la nchi ikapewa .cd, na .zr ikafutwa mwaka 2001. Anwani yoyote ya .zr utakayoikuta kwenye nyaraka za zamani itakuletea NXDOMAIN kutoka kwenye mzizi wenyewe.

NXDOMAIN, SERVFAIL na kimya vinatofautianaje?

NXDOMAIN ni jibu kamili: nimeuliza panapostahili, jina hilo halipo. Angalia tahajia kwanza.

SERVFAIL ni kwamba seva imejaribu kukutafutia ikashindwa. Jina linaweza kuwepo, ila wenye rekodi hawapatikani au wamekosea mipangilio yao. Wengi wa Afrika Mashariki waliishi na kosa hili bila kulijua jina jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, pale Facebook, WhatsApp na Instagram zilipozimika pamoja kuanzia baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni kwa saa zetu hadi usiku wa manane umepita. Amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ilikata mtandao wa ndani wa kampuni hiyo. Seva zao za DNS zilipoona zimetengwa na vituo vya data zikajiondoa kwenye ramani ya intaneti, na hapo dunia nzima ikakosa wa kumuuliza facebook.com iko wapi. Watu walizima na kuwasha simu, wakanunua bando jipya, wakalaumu mitandao yao ya simu. Ambaye angeandika dig angeona SERVFAIL na kwenda kulala.

Kimya, yaani muda kuisha bila jibu lolote, mara nyingi ni tatizo la upande wako: ruta imeganda, bando limekwisha, au ukuta wa usalama wa ofisi unazuia mlango namba 53 ambao DNS hupitia.

Kwa nini ping inaleta namba moja na nslookup nyingine?

Kwa sababu haziulizi mahali pamoja. Nslookup na dig huenda moja kwa moja kwenye seva ya DNS. Ping (amri ya kupima kama mashine inafikika), kivinjari na programu nyingine hupitia mfumo wa kompyuta, ambao kwanza huchungulia faili la hosts lililoko hapo hapo kwenye mashine. Faili hilo ni mjukuu wa ile HOSTS.TXT, na bado lipo: kwenye Linux na Mac ni /etc/hosts, kwenye Windows ni C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts. Mtu akiandika humo kuwa tovuti fulani iko 192.0.2.99, kompyuta itamwamini kuliko DNS yote.

Watengenezaji wa tovuti hulitumia kujaribu seva mpya kabla ya kuhama, kisha wanasahau kufuta. Miezi sita baadaye tovuti inafunguka kwa kila mtu isipokuwa kwa aliyeitengeneza. Virusi navyo hulipenda faili hilo. Kwenye Linux ukitaka jibu ambalo programu zako zinalipata kweli, tumia `getent hosts` badala ya dig.

Mwenzangu yuko London, mimi niko Dar. Tumeuliza jina moja dakika moja, namba zetu hazifanani.

Tovuti kubwa hujibu kwa makusudi kulingana na ulipo. Swali likitokea Dar es Salaam unaelekezwa kwenye mashine iliyo karibu na Dar, pengine iliyofungwa ndani ya jengo la kampuni yako ya intaneti. Likitokea London linaelekezwa huko. Wengine hutoa orodha ya anwani kadhaa na kuizungusha, wa kwanza leo awe wa mwisho kesho, ili mzigo ugawanyike.

Na kinyume chake kipo: mnaweza kupata namba moja, 8.8.8.8 kwa mfano, na bado mkawa mnazungumza na mashine mbili zilizo mabara tofauti, kwa sababu namba hiyo imetangazwa kutoka sehemu nyingi na kila mtu anafikishwa kwenye ya karibu. Ndiyo maana zile ramani za mtandaoni zinazodai kukuonyesha IP iko mtaa gani huwa tunazitazama kwa jicho moja.

Nimepata namba, nimeiandika kwenye kivinjari, tovuti haijafunguka.

Seva moja huweza kubeba mamia ya tovuti kwenye anwani moja, na hostingi za bei nafuu ndivyo zilivyo. Kivinjari kinapofika pale hutaja jina la tovuti kinayoitaka, na seva huchagua kwa jina hilo. Ukienda na namba peke yake, seva haijui umekuja kwa nani, itakufungulia ukurasa wa kwanza iliyo nao au ikukatalie. Kivinjari nacho kitapiga kelele kuhusu usalama, maana cheti cha tovuti kimeandikwa jina, si namba. Kama tovuti imejificha nyuma ya Cloudflare, kampuni inayopokea wageni kwa niaba ya tovuti, au huduma ya aina hiyo, namba uliyopata ni ya mlinzi wa getini, wala si ya seva yenyewe.

Anwani ya IPv6 ukitaka kuiandika kwenye kivinjari iweke ndani ya mabano ya mraba.

Naweza kutoka kwenye namba kwenda kwenye jina?

Wakati mwingine. `nslookup 8.8.8.8` italeta dns.google. Nyuma ya pazia namba hugeuzwa nyuma mbele na kuulizwa kama jina: 198.41.0.4 huwa 4.0.41.198.in-addr.arpa. Rekodi hii, PTR, huwekwa na mwenye namba na si mwenye jina, kwa hiyo usishangae ukikuta haipo, au ikitaja jina la ajabu la kampuni ya hostingi. Haikupi orodha ya tovuti zote zilizomo humo.

Ni wapi inaleta maumivu? Kwenye barua pepe. Ukiendesha seva yako ya kutuma barua na namba yake haina PTR inayoeleweka, barua zako zitaishia kwenye taka au zitakataliwa mlangoni.

Tukizungumzia barua pepe: IP ya seva ya barua ni ile ile ya tovuti?

Si lazima. Uliza rekodi ya MX, inayotaja seva inayopokea barua za jina hilo: `nslookup -type=mx` kisha jina. Utaletewa jina lingine, na hilo ndilo utakalolitafutia namba.

Kuna tapeli amenitumia ujumbe. Naweza kupata IP yake na nyumba yake?

Kwa njia hizi, hapana, na anayekuambia anaweza kukufanyia kwa malipo anakutapeli mara ya pili. DNS inataja seva zilizosajiliwa kwa majina. Simu ya mtu haina jina humo. Zaidi ya hapo, mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje kwa wakati mmoja. Anayeweza kusema nani alikuwa nyuma ya namba ile saa ile ni kampuni ya simu yenyewe, na hufanya hivyo kwa taratibu za kisheria. Tunza ujumbe, piga picha ya skrini, nenda polisi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ina yake ya 2018.

Kama tapeli amekutumia kiungo cha tovuti, hapo kuna cha kufanya: itafute IP ya jina hilo, ingiza namba kwenye huduma ya whois (daftari la wazi la nani amegawiwa namba ipi) ya AFRINIC au wenzake wa mabara mengine, utaona kampuni gani inaihifadhi tovuti na anwani yao ya kupokea malalamiko.

Na IP yangu mimi?

`ipconfig` kwenye Windows itakutajia ya ndani, mara nyingi inayoanza na 192.168, 10, au 172.16 hadi 172.31. Hizo zimetengwa kwa matumizi ya ndani. Jirani yako anayo kama yako. Ukikuta ruta yako imepewa ya nje inayoanza na 100.64 hadi 100.127, ujue uko kwenye lile kundi la wateja wanaogawana anwani, na kamera yako ya CCTV haitafikika moja kwa moja kutoka nje hata ufungue milango yote ya ruta.

Kwa ile inayoonekana nje kuna swali moja la kuchekesha:

nslookup myip.opendns.com resolver1.opendns.com

Jina hilo halina anwani ya kudumu. Seva inamjibu kila anayeuliza kwa kumtajia anwani yake mwenyewe.

Nikibadilisha DNS kuwa 8.8.8.8 au 1.1.1.1 intaneti itakuwa na kasi?

Bando halitakua. Kitakachobadilika ni muda wa kupata namba mwanzoni mwa kufungua ukurasa, na kama seva ya kampuni yako ni goigoi utaiona tofauti. Ila utakuwa umehamisha orodha ya kila jina unalolitafuta kutoka kwa kampuni yako ya intaneti kwenda kwa Google au Cloudflare, jambo la kulifikiria. Maswali ya kawaida ya DNS pia husafiri wazi bila kufichwa. Aliye kwenye waifai moja na wewe anaweza kuyasoma. Android kuanzia toleo la 9 ina mpangilio wa DNS ya faragha unaoyafunga kwa usimbaji. Uwashe.

Jibu linaweza kuwa la uongo?

Linaweza. Waifai ya hoteli hukudanganya kwa nia njema: kabla hujaandika nenosiri la chumba, kila jina utakaloliuliza huenda likakuletea anwani ya ukurasa wao wa kuingilia. Wengine hawana nia njema. Mwaka 2008 Dan Kaminsky alionyesha jinsi ilivyokuwa rahisi kuingiza jibu bandia kwenye akiba ya seva ya DNS, na kampuni nyingi zikalazimika kuziba kwa pamoja. Kinga ya kudumu ni DNSSEC, inayotia sahihi kwenye rekodi. Mzizi ulitiwa sahihi Julai 2010, lakini majina mengi huku chini bado hayajatiwa. Ukishuku, uliza seva tatu tofauti na ulinganishe.

Nafutaje akiba ya kompyuta yangu?

Windows: `ipconfig /flushdns`. Mac: `sudo dscacheutil -flushcache; sudo killall -HUP mDNSResponder`. Linux nyingi za sasa: `resolvectl flush-caches`. Chrome ina akiba yake pia, iko chrome://net-internals/#dns. Kwenye simu, washa hali ya ndegeni kisha uizime. Haya yote yanafuta cha kwako tu. Ruta na kampuni ya intaneti wana cha kwao.

Mimi ni mwanaprogramu. Nitumie gethostbyname?

Kwenye C, achana nayo, haijui IPv6. Tumia getaddrinfo, ambayo ipo pia Python ndani ya moduli ya socket. Kwenye PHP gethostbyname bado inatumika sana na ina tabia ya ajabu: ikishindwa kupata namba hairudishi kosa, inakurudishia jina lile lile ulilompa. Usipokagua, jina litaingia kwenye safu ya hifadhidata iliyokusudiwa namba, na utaligundua siku ya ripoti. Na usiigandishe namba ndani ya msimbo. Ihifadhi kwa muda wa TTL, kisha uulize tena.

Nimejaza sifuri mbele ili anwani zijipange vizuri kwenye Excel. Ni sawa?

Kwa kupanga tu, sawa. Usizinakili zikiwa hivyo kwenda kwenye ruta au dirisha la amri. Mifumo mingi ikiona sifuri mbele ya fungu hulisoma kwa hesabu ya msingi wa nane, ambako 010 ni nane. Kwa hiyo 192.168.001.010 itakupeleka 192.168.1.8, na printa ya watu wengine ndiyo itakayotoa karatasi zako.